Mtu huzeekea wapi?

Muhula uliopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili kauli ya kutendea. Ni somo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili analijua kama anavyoijua njia ya kwao: kitenzi hupachikwa -i- au -e-, nacho papo hapo huanza kudai mtu, sababu, chombo au mahali. Niliandika ubaoni vitenzi vitatu, yaani fa, jenga na zeeka, nikawataka watunge sentensi zenye kuonyesha mahali. Kufia hakukuwapa taabu. Babu zao walifia hospitalini, wengine barabarani. Kujengea kulikuwa tele: jamaa zao walijengea Kitengela, Ruiru, Mtwapa na kwingineko. Tulipofika kwenye kuzeekea, darasa likanyamaza. Hatimaye msichana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, hilo ni neno kweli? Kwani mtu huzeekea wapi?"

Nilimjibu kama tujibuvyo wanaisimu tunapobanwa: kwamba umbo likikubaliwa na kanuni za lugha, limo katika lugha hata kama hakuna alitamkaye. Jibu hilo lilikuwa sahihi, wala halikumfaa kitu, kwa sababu swali lake halikuwa la sarufi. Sisi Wakenya tuna mahali pa kuzalia, pa kusomea, pa kufanyia kazi, pa kujengea na, bila shaka yoyote, pa kuzikia wafu wetu. Lakini miaka ile ishirini au thelathini iliyo baina ya barua ya kustaafu na jeneza hatukuitengea mahali. Twadhani itajitafutia yenyewe.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sikusudii kuwalaumu vijana kwamba wamewatupa wazazi wao; wimbo huo umekwisha kuimbwa hadi ukachuja. Ninalotaka kusema ni kwamba mtu anayetaka kuzeekea kwake sharti aanze kupanga angali na nguvu, na kwamba wengi wetu, walimu tukiwa mstari wa mbele, hatupangi. Mimi mwenyewe sikupanga, wala sikumsaidia mamangu kupanga, na yaliyotupata nitayasimulia bila kuyapamba.

Mamangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Taita. Alistaafu mwaka wa 2003, wakati umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulikuwa ungali miaka 55. Ulipandishwa hadi 60 mwaka wa 2009. Kwa kiinua mgongo chake alimalizia nyumba waliyoianza na marehemu babangu: vyumba vitano vya mawe, paa la mabati, na sebule ambayo kijiji kizima kiliisifu. Kama mjuavyo, Taita si nchi tambarare. Choo cha shimo kilikuwa chini ya nyumba, vidato saba vya mawe kutoka mlango wa jikoni, maana enzi hizo hakuna aliyefikiria kukiweka choo karibu na chungu. Alipokuwa na miaka 55 alivishuka vidato hivyo na ndoo mkononi. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Novemba mwaka wa 2021, akiwa na miaka 73, alivishuka kwa mwangaza wa simu, akateleza kwenye kidato cha tatu. Alivunjika mkono wa kulia, akalala pale chini hadi alfajiri, jirani aliposikia sauti yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kwamba waliopita umri wa miaka 60 ndio wafao kwa wingi zaidi. Sisi wa Taita tumekulia kando ya Tsavo, tukifundishwa kumwogopa simba na ndovu. Kidato hakuna aliyetufundisha kukiogopa.

Watoto wake wanne tulikutana kwa simu usiku uliofuata. Tulizungumza kwa muda wa saa mbili, tukapanga na kupangua, tukagawana gharama, tukakubaliana kwamba mama hawezi tena kukaa peke yake na kwamba ahamie kwangu Nairobi. Lililokosekana ni moja tu: mama mwenyewe hakuwamo katika mazungumzo. Hatukukusudia kumficha. Hakuna aliyemkumbuka. Alikuwa mada.

Hapa niruhusiwe kusema kama mwanaisimu, kwani jambo hili lina mizizi katika lugha yetu. Mtu anapozeeka, Kiswahili humhamisha ngeli. Akiitwa mzee, yumo katika ngeli ya watu pamoja na mwalimu, mkulima na mzazi. Akizidi kuishi ataitwa kizee au kikongwe, na hapo umbo la jina lake limeingia katika kundi la kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, kundi la watu ambao waliotutangulia katika lugha waliwaona wamepungukiwa. Liko pia zee, la ukubwa na la dharau. Ajuza tulilikopa kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko unahusu kutoweza; shaibu nalo lina asili katika mvi. Hata kustaafu, ambalo sisi huliona neno la hadhi, kwa asili ni kuomba kuachiliwa. Ajabu ni kwamba upatanisho wa kisarufi ulikataa kabisa kuhama. Twasema kikongwe amelala, kikongwe ameamka. Hatusemi kimelala wala kimeamka. Jina limemshusha mtu, lakini kitenzi kingali kikimhesabu kuwa mtu. Usiku ule wa simu sisi watoto wake, wasomi watupu, tulishindwa na kiambishi a-.

Mama alikaa kwangu miezi saba. Ninaishi katika ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti. Hakukosa chochote ambacho ningeweza kukiandika kwenye orodha: chakula, dawa za presha, televisheni, kitanda kizuri, wajukuu. Mfupa uliunga vyema. Lakini mambo mengine yote yakaanza kulegea. Kushuka ghorofa nne kulikuwa safari, kwa hiyo akawa hashuki. Majirani wetu huondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Hakulijua jina la hata mmoja wao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na siku zote tumeichukua methali hiyo kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Nilipomtazama mama ndipo nilipong'amua kwamba jembe pia ni heshima. Anayepewa jembe amekuwa mwenyeji. Mamangu, aliyelima na kufundisha maisha yake yote, aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama, tulimzuia hata kuosha kikombe. "Pumzika, mama," tulimwambia kutwa kucha. Alipumzishwa hadi akaanza kuuliza leo ni siku gani.

Dalili iliyonishtua ilikuwa ndogo, pengine ni mwalimu tu ambaye ingemshtua. Watoto wangu husema Kiswahili cha Nairobi, na tangu walipojua kusema nyanya yao hakuacha hata mara moja kuwasahihisha. Jioni moja mwanangu wa kiume aliokota mkoba wa nyanya yake uliokuwa umedondoka, akasema, "Shosho, hii kitu yako imeanguka." Nikangoja. Mama aliupokea mkoba, akasema asante, akageuka kutazama televisheni iliyokuwa imezimwa.

Wiki iyo hiyo aliniambia, "Mwanangu, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nami nimevunjika mkono tu."

Tulimrudisha mwezi wa Juni mwaka wa 2022, kwa gari moshi hadi Voi, kisha kwa gari la kukodi kupitia Mwatate. Tulipoanza kupanda mlima kuelekea Wundanyi alianza kutaja majina ya wenye mashamba, upande huu na upande ule, hata ya wale waliokwisha kufa.

Si kwamba kila arudiye kijijini hurudi kwake. Katika Kenya nyumba na nyumbani ni mambo mawili. Mtu aweza kuishi Nairobi miaka 35, na ukimwuliza nyumbani ni wapi atakutajia kijiji anachokitembelea Krismasi na kwenye mazishi. Kiambishi -ni, ambacho vitabu vya sarufi hukieleza kuwa cha mahali, huku kwetu kimetwikwa mababu, makaburi na shamba. Sina ugomvi na hilo. Lakini wako wenzetu waliostaafu, wakafungasha virago, wakafika nyumbani na kukuta ni kwao kwa jina tu: rafiki zao wako Nakuru, daktari anayeyajua maradhi yao yuko Nairobi, na majirani huwaita "wale wa mjini". Namjua mwalimu mmoja aliyevumilia kijijini miezi kumi na minne, kisha akarudi mjini na kupanga chumba kimoja karibu na shule aliyoifundisha. Watu wa kwao walimcheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Alikuwa amekwenda kuzeekea kwake. Kwake palikuwa pale ambapo muuza magazeti alimwita kwa jina na fundi viatu alimwekea kiti. Kama anataka kuwa mwenyeji wa kijiji atakapofika miaka 60, mtu hana budi kuuanza wenyeji huo akiwa na 40, kwa kuzikana, kwa kuchimba mitaro ya maji pamoja, kwa kuhudhuria mikutano ya maji na ya shule ambayo haina posho.

Mamangu alikuwa na wenyeji; alichokosa ni nyumba ya kuzeekea. Fundi wa pale pale kijijini alifanya kazi kwa siku kumi na mbili. Choo cha kukalia kilijengwa kikashikana na chumba chake cha kulala, maji yakivutwa kutoka tangi la mvua. Chooni na bafuni vikakazwa vyuma vya kushikilia, vikaingizwa katika mawe ya ukuta na si katika lipu, maana chuma kinachong'oka mtu akikiegemea ni hatari kuliko kutokuwapo chuma. Vigae vinavyong'aa tulivikataa. Sakafu ikawa ya saruji iliyokwaruzwa. Vizingiti vya ndani vikaondolewa. Taa ndogo za jua zikawekwa baina ya kitanda na choo, na mwuguzi akamfundisha kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama usiku, kwa kuwa dawa za presha zaweza kumtia mtu kizunguzungu anapoinuka ghafla.

Kwenye mlango wa mbele fundi na mimi tulibishana. Palikuwa na vidato viwili vyenye kimo cha sentimita 30 kwa jumla, nami nilitaka vifunikwe kwa mteremko. Yeye alikusudia mteremko wa mita moja, mkali kama wa kupandishia toroli. Kanuni inayofuatwa na wajenzi kwa ajili ya kiti cha magurudumu ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kimo chetu kilidai mita 3.6. Nafasi ilipatikana kwa kung'oa mawaridi aliyoyapanda mama mwenyewe. Mlango wa bafu ulikuwa na upana wa sentimita 65; tukaupanua ukawa 90. Mama alikuja kutazama kazi, akauliza, "Kwani mimi nina kiti cha magurudumu?"

"Huna, mama."

"Kwa hiyo unanipangia."

"Nakupangia."

Akatafakari kidogo. "Ni sawa," akasema. "Ila mawaridi ungeniuliza."

Gharama yote haikufikia nusu ya fedha ambazo ukoo wetu ulichanga kumzika ami yangu mwaka uo huo. Nimepokea kadi nyingi za michango ya mazishi, na nimechanga, nami nitachanga tena. Sijapokea hata moja ya kuchangia chuma cha bafuni. Hebu zitazame nyumba tunazojenga mashambani sisi wenye mishahara. Sebule ni pana kwa sababu siku ya matanga waombolezaji watahitaji pa kukaa. Mlango wa mbele hufunguka mbao mbili, huku wa bafu ukiwa mwembamba hata mtu mnene apite kwa ubavu. Jeneza limepewa nafasi ambayo mwenye nyumba hakupewa.

Watu wa mwambao walikuwa na busara moja katika ujenzi ambayo wabara hatukuiiga tulipoiga mengine. Nyumba za mawe za Lamu na za Mombasa ya kale zina daka mbele ya mlango, na ndani ya daka mna baraza za mawe za kukalia. Mzee aliyeshindwa na bahari au na soko hukaa hapo, habari zikamjia zenyewe kwa miguu. Sisemi nyumba hizo hazina taabu. Ngazi zake ni kali, na vyumba vya juu ni mtihani kwa magoti. Lakini sehemu yake ya mbele inautazama mtaa. Linganisha na maskani zetu mpya zenye ukuta wa futi nane, vipande vya chupa juu yake, lango la chuma na mbwa. Humo mzee yu salama kama fedha katika benki, na huzungumza na watu kwa kiasi icho hicho.

Kama ningetakiwa nitaje kitu kimoja kilichomweka mama kwake hadi leo, ningetaja leso. Kila asubuhi kabla ya saa moja hutundika leso nyekundu kwenye dirisha la jikoni. Mtoto wa jirani, aliye gredi ya tano, hupita hapo akienda shule. Asipoiona, hubisha, asipojibiwa, humwita mama yake. Mpango huo aliubuni mama mwenyewe bila kumshauri mtu yeyote, na nilipotaka kumlipa yule mtoto nilikemewa. Mtoto hulipwa kwa kusahihishiwa insha. Huja jioni na daftari lake, nyanya akashika kalamu nyekundu, na nimesikia kwamba ngeli za huyo mtoto sasa hazina mfano shuleni kwao. Mhudumu wa afya ya jamii naye hupita kumpima presha na sukari, tangu serikali ilipowapa vifaa wahudumu wa namna hiyo wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023.

Lipo suala la fedha, na hapa nitasema kwa ufupi kwa kuwa walimu mnalijua. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban Wakenya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 au zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Kwa waliofikia miaka 70 na hawana pensheni, upo mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Afadhali kuliko kukosa, lakini ukitoa nauli ya kuzifuata na dawa, hesabu iliyobaki haihitaji mwalimu wa hisabati. Walimu wa serikali, tangu Januari 2021, hukatwa mshahara kwa ajili ya hazina ya pensheni, hatua kwa hatua hadi asilimia 7.5, na serikali huwaongezea asilimia 15. Ni jambo jema. Walakini pensheni humlisha mtu, haimjengei choo. Anayengoja kiinua mgongo ndipo aanze kujenga atajikuta akibeba mawe kwa magoti ambayo yamekwisha kustaafu kabla yake.

Zaidi ya fedha iko hati miliki. Wako wazazi ambao kwa mapenzi huligawa shamba lote na kubadilisha hati wakiwa hai, ili wasiwaachie watoto ugomvi. Kesho yake wamekuwa wageni katika ua walioujenga wenyewe, na jembe watapewa au watanyimwa kwa hiari ya wengine. Anayetaka kugawa urithi wake bila kujitoa nyumbani ana wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya inataka wosia ulioandikwa utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili. Wosia wa mdomo, ambao wazee wetu wengi huutegemea, nao wadai mashahidi wawili, na hupoteza nguvu iwapo msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Ni wangapi kati yetu waliomweleza hayo mzazi wao? Mimi nina shahada tatu, na nilimweleza wangu mwaka wa 2023, baada ya yeye kuniuliza.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya karatasi tu. Katika kaunti ya Kilifi wazee wamefukuzwa makwao, wamepigwa na wengine wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wanaofuatilia visa hivyo wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya shutuma za uchawi huwa pana shamba linalotamaniwa. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa ikiwapa hifadhi wazee waliokimbia watu wa nyumba zao wenyewe. Mtu aliyefikisha miaka 80, ambaye mvi zake zingekuwa taji, huzificha chini ya kofia zisije zikawa ushahidi. Nikiyafikiria hayo, maneno yetu ya fahari kwamba Mwafrika humtunza mzee wake huniganda kooni.

Dada yangu mkubwa hajakubaliana nami hadi leo. Anashikilia kwamba tumemwacha mama peke yake mlimani na kuuita uzembe wetu uhuru wake. Siwezi kusema amekosea kabisa. Mwaka wa 2024 mama alianguka tena, ndani ya chumba chake, akaumia nyonga. Leso haikutundikwa, mtoto akabisha, na kabla ya saa mbili mama alikuwa njiani kwenda hospitali. Nyonga haikuvunjika. Dada yangu asema hiyo ni bahati. Mimi nasema ni mpango. Na usiku wa manane, simu inapolia, mimi pia huanza kuamini kuwa ni bahati. Tulipomkalisha mama tukamwuliza, safari hii akiwa yeye mwenyekiti wa kikao, alitujibu kwamba siku atakapoyasahau majina yetu tufanye tulionalo bora, na ya kwamba kabla ya hapo tumwulize. Kisha akamwambia dada yangu aliandike hilo na kutia tarehe.

Sasa nirejee kwangu mimi, maana nina miaka 47 na ninajenga. Nina kiwanja Voi, mahali tambarare, na msingi umekwisha kuchimbwa. Pasaka iliyopita nilimpelekea mama ramani ya nyumba, nikaikunjua mezani kama mwanafunzi anayetarajia sifa. Ni nyumba ya ghorofa moja. Vyumba vya kulala vitatu viko juu, na bafu mbili ziko juu. Chini kuna jikoni, kijichoo cha wageni chini ya ngazi, na sebule ambayo ingepokea basi zima la abiria. Mama alivaa miwani, akaichukua ile kalamu yake nyekundu.

"Wewe utalala wapi?"

"Juu, mama."

"Na mimi nikija?"

Nikasema tungemtandikia sebuleni. Hakunikemea. Alihesabu vidato kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, akapata kumi na saba, akaandika 17 pembeni na kuizungushia duara, kama alivyokuwa akifanya kwenye daftari zetu pale hesabu ilipokuwa na kosa ambalo hakutaka kulitaja. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimeirudisha ramani kwa mchoraji. Sebule itamegwa mita tatu na nusu, ipatikane nafasi ya chumba cha kulala cha chini chenye choo na bafu, mlango wa sentimita 90. Mke wangu hajaridhika. Juzi aliniuliza siku ya matanga watu watakaa wapi. Nilimwambia watakaa nje, kwenye mahema, kama wakaavyo siku zote. Bado hajaniitikia, na fundi anataka jibu kabla ya mvua za vuli.